Upande wa Chuma

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kwa miaka kumi na minne nimesimama mbele ya watoto wa kidato cha pili nikiwaeleza maana ya msuguano: kwa nini kiatu hakitelezi kwenye changarawe, kwa nini viganja hupata moto ukivisugua. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililojigamba nalo siku ile sokoni, nimeegemea kaunta ya mwanamke ambaye hakuwa amenikosea kitu chochote.

Nyumbani kwetu ni juu ya soko la Mbumbuni, penye mteremko ambao mgeni akiushuka mara ya kwanza husali kimoyomoyo. Ninaishi huko na mama yangu. Mke wangu ni muuguzi Mutomo, upande wa pili kabisa, kusini mwa Kitui, anakaa huko na watoto wetu, na tangu ahamishiwe huko tumekuwa watu wa kutembeleana. Mwezi huu naenda mimi, mwezi ujao anakuja yeye. Kwa hiyo tulinunua kagari kadogo, kakuukuu lakini kazima, na mimi nikakapenda kuliko nilivyotaka watu wajue.

Mwaka juzi magurudumu ya nyuma yakaanza kulia. Kila nikikanyaga breki unasikia mlio mwembamba, kama panya amebanwa na mlango. Nikampelekea fundi wa pale sokoni. Akachungulia, akasema pedi za breki za nyuma zimeisha, nimrudishie gari Alhamisi. Nikamuuliza kama ni kazi ngumu, maana nilikuwa nimeona video mbili kwenye simu na nilifikiri naweza kujifanyia.

Akacheka. "Mwalimu, wewe shika chaki. Spana tuachie sisi."

Waliokuwa wamekaa kwenye benchi lake wakacheka pia, na mmoja wao nilikuwa nimemfundisha. Hapo ndipo jambo lote lilipoanzia. Kama fundi asingecheka, ningemwachia gari na kurudi nyumbani kunywa chai.

Niliondoka pale nikaenda moja kwa moja kwenye duka la spea. Mwenye duka ni mama wa makamo ambaye kwao ni huko kati, upande wa Mlima Kenya. Alikuja Mbumbuni akiwa bibi harusi, na mumewe ndiye aliyefungua hilo duka. Mumewe alipofariki, alizikwa hapa hapa, na yeye akaendelea kuuza. Kikamba chake ni kizuri kuliko cha wanangu. Kanisani yuko kikundi kimoja cha maombi na mama yangu, na Jumatano walikuwa wakitembea pamoja kwenda na kurudi.

Alinitolea boksi la pedi bila hata kuangalia kitabu. Akaniuliza, "Nani anakufungia, Mwalimu?"

"Nafunga mwenyewe."

Hakucheka. Alisema tu, "Sawa. Kumbuka pistoni ya nyuma ya hilo gari haisukumwi, inazungushwa."

Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayekumbushwa jambo analolijua. Sikuwa nalijua. Video zote mbili zilikuwa za magurudumu ya mbele.

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Jumamosi niliamka mapema. Niliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, nikainua gari kwa jeki, nikaweka stendi niliyoazima. Nikaanza na upande wa kulia. Nati zilitoka, tairi likatoka, nikafungua kalipa, ile mashine inayokumbatia diski ya gurudumu na kuibana, nikachomoa pedi za zamani. Zilikuwa zimeliwa zikabaki nyembamba kama biskuti. Kufikia hapo nilikuwa nimeshapiga picha nne za kumtumia mke wangu.

Halafu pistoni, kile kichuma cha duara kinachosukuma pedi, ikakataa kurudi ndani. Nilikuwa nimebeba jiriwa ya karakana ya shule. Nikaibana, nikaisukuma, nikaegemea na uzito wangu wote, jasho likinidondoka kwenye miwani. Muda wa saa nzima na zaidi nilipigana na kile kipande cha chuma kabla ya kukumbuka maneno ya yule mama. Nikaingiza ncha za koleo kwenye vishimo vilivyo usoni pa pistoni, nikazungusha, nayo ikaingia polepole kama kifuniko cha chupa. Badala ya kumshukuru moyoni nilikasirika kwamba alikuwa sahihi.

Nilipofika upande wa kushoto jua lilikuwa utosini. Mama alikuwa ameshaniita mara mbili nile. Na barabara yetu inapita kando ya boma, kwa hiyo kila aliyetoka au kwenda sokoni alisimama kwenye ua. "Mwalimu, siku hizi umekuwa fundi?" Nami nilifurahi kuulizwa. Jirani mmoja, mzee mstaafu, aliingia kabisa akakaa kwenye jiwe, na mimi nikaanza kumfundisha. Nilimwambia pedi ina pande mbili: upande mweusi ndio unaosugua diski mpaka gari lisimame, na upande wa pili ni bamba la chuma ambalo pistoni inalisukuma. Nilimweleza msuguano, nikamweleza joto, nikamweleza na mwendo. Na huku nikisema hayo mikono yangu ilikuwa inaiingiza pedi ya ndani ya gurudumu la kushoto, mahali ambapo huoni vizuri, unapapasa tu. Ilikaa kwa shida kidogo. Nikaigonga na mpini wa nyundo, ikaingia.

Jirani alisema, "Kweli kusoma si mchezo."

Nilikanyaga pedali mara nyingi mpaka ikawa ngumu, kama walivyosema kwenye video. Nikaendesha hadi getini na kurudi. Kulikuwa na sauti kidogo. Nilijiambia ni upya wa pedi.

Kesho yake, Jumapili, nilimpeleka mama kanisani. Tulipoanza kuteremka nikakanyaga breki, na kushoto nyuma kukatoka mngurumo ambao sijawahi kuusikia kwenye gari, kama mtu anakwangua sufuria kwa jiwe. Mama akashika mlango kwa mikono miwili. Gari lilisimama, siwezi kusema halikusimama, lakini lilivuta upande, na kila kona sauti ilizidi. Tuliingia uwanja wa kanisa tukinguruma, na vichwa vyote vikageuka. Yule fundi alikuwa amesimama mlangoni na suti yake. Aliinamisha kichwa tu, na nikajua anazuia kicheko.

Ibada yote sikusikia neno. Nilikuwa natafuta wa kulaumu, na nikampata kabla ya sadaka: pedi ni feki.

Siku ya soko nilifungua gurudumu la kushoto, nikachomoa zile pedi mbili kwa hasira, sikuziangalia hata kidogo, nikazifunga kwenye gazeti na kupanda boda. Duka lilikuwa limejaa. Nakumbuka kulikuwa na mwanamume aliyekuja kutafuta balbu, wazazi wawili wa wanafunzi wangu, na vijana wa boda waliokuwa wakingoja mafuta ya injini. Nilipita mbele ya wote nikarusha lile gazeti kwenye kaunta.

"Hizi ni nini ulizoniuzia?"

Yule mama alifungua gazeti. Akachukua pedi moja, akaigeuza, akapitisha kidole gumba upande mweusi, akaigeuza tena akaangalia upande wa chuma. Kisha akaniangalia usoni, si kwa ukali. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hebu pita huku ndani tuongee kando."

"Kando ya nini? Tuongee hapa hapa, watu wasikie!"

"Ni vizuri tukiongea kando."

"Unaogopa nini? Pedi ni feki. Zimenikwangulia diski. Jumapili nusura nimuue mama yangu. Mimi ni mwalimu wa fizikia, unanisikia? Kama kuna kitu ninachokijua hapa duniani ni msuguano."

Alianza kuzifunga tena kwenye gazeti, taratibu, na ule utaratibu wake ulinichoma kuliko tusi. Basi nikasema yale mengine. Nimejaribu mara nyingi kuandika habari hii nikiyaruka, na kila mara naona naandika uongo, kwa hiyo nayaweka. Nilisema: "Nyinyi ndivyo mlivyo. Mnakuja huku kutula, na tukinyamaza mnadhani sisi ni wajinga. Rudi kwenu ukauze takataka zako huko."

Halafu kijana mmoja wa boda akapiga mluzi, na mwingine akasema, "Mwambie, Mwalimu!"

Yule mama aligeuka kwenye rafu, akachukua boksi jingine la pedi, akaliweka mbele yangu. "Chukua," alisema. "Lakini mwambie fundi akufungie."

Nililichukua. Nilitoka kama mtu aliyeshinda kesi.

Mke wangu alifika alasiri hiyo hiyo kutoka Mutomo, alikuwa na siku nne za mapumziko. Alinikuta nimechuchumaa kando ya gari. Hata kabla ya kubadilisha nguo alileta kigoda akakaa, nikamsimulia, ingawa sikumsimulia yale maneno ya mwisho. Mke wangu ni mtu wa kuuliza. Nadhani ni kazi yake, kila siku anauliza watu wapi panauma.

"Kelele ilikuwa magurudumu yote mawili?"

"Hapana. La kushoto tu."

"Na pedi zote zilitoka boksi moja?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona za kulia ziko kimya?"

"Feki haina sheria," nilisema.

Aliinama akaangalia diski. "Baba watoto, hii imekwaruzika upande wa ndani tu. Huku nje ni laini kama sahani."

Niliinama na mimi. Ilikuwa vile alivyosema. Na hapo, nikiwa nimepiga magoti kwenye vumbi, niliona upya mkono wa yule mama kule dukani: kidole gumba kinapita juu ya upande mweusi, na upande mweusi bado una rangi yake ya kiwandani, haujaguswa na kitu. Kisha anageuza, na bamba la chuma linang'aa kwa michubuko mipya. Ile pedi ya ndani niliifunga kinyume. Nilikuwa nimelisukuma bamba la chuma kwenye diski na upande wa kusugua nikaugeuzia pistoni, wakati huohuo nikimfundisha mzee wa watu pande mbili za pedi.

Na yeye alijua tangu alipoigeuza mkononi. Ndiyo maana aliniita kando.

Nikainua kichwa ghafla. Mke wangu aliniuliza, "Ni nini?"

Ningeweza kusema hapo. Hakukuwa na mtu mwingine, ni mke wangu tu na kigoda chake. Nilisema, "Labda jiwe liliingia."

Nikafunga zile pedi mpya, safari hii nikiangalia kila upande mara tatu. Tukaenda mpaka chini ya mteremko na kurudi, gari kimya kabisa. Mke wangu akasema, "Kumbe kweli zile zingine zilikuwa mbovu." Nikasema, "Si nilikuambia?"

Shule zilipofunguliwa nilikuta habari imenitangulia. Kwenye chumba cha walimu mwenzangu wa kemia alinipiga bega. "Nasikia ulimpasha yule mama wa spea ukweli wake. Wakati ulikuwa umefika." Wakacheka, wakanimiminia chai, nami nikainywa. Kila nilipokwenda sokoni nilipita upande ule mwingine wa barabara, nyuma ya wauza nyanya, nisionekane dukani. Lakini nilikuwa naona. Niliona pikipiki zimepungua pale mbele. Siku moja nilisikia kijana akimtania mwenzake aliyetaka kuingia: "Unaenda kuliwa?" Lilikuwa neno langu. Nililifahamu kama mtu anavyofahamu shati lake likivaliwa na mwingine.

Mwezi ulipita hivyo, na mwingine.

Jumatano moja mama alirudi kutoka maombi akiwa peke yake, akakaa barazani bila kuvua kitambaa cha kichwa. Nilikuwa nasahihisha vitabu. Akachukua ungo wa mbaazi akaanza kuzimenya, na baada ya muda akasema, "Mama wa spea hajakuja tena. Huu ni mwezi wa pili. Leo nimeuliza kwa nini." Akaendelea kumenya. "Mwanakwa, ni wewe?"

"Mama, hayo ni maneno ya sokoni."

"Sikukuuliza ni ya wapi."

Nikafungua kitabu kingine cha kusahihisha.

"Baba yako alipozidiwa, wewe ukiwa chuo, ni gari la nani lililomteremsha hospitali? Ni mume wa huyo mama aliyeendesha, na yeye mwenyewe alikaa nyuma amempakata baba yako kichwa. Ulimwambia arudi kwao wapi?"

Nililijua jambo hilo. Nilikuwa nimesimuliwa mara nyingi. Siku ile dukani halikuwa limenipita hata akilini.

Nikamwambia mama yote, mpaka upande wa pedi. Hakunipigia kelele. Alisema neno moja tu la Kikamba, *nthoni*, ambalo ni aibu, lakini pia ni ile heshima inayomfanya mtu asipite karibu na mkwe wake bila kuinamisha macho. Halafu akainuka na ungo wake akaingia jikoni, akaniacha na vitabu vya watoto.

Kesho yake nilikwenda dukani asubuhi na mapema, kabla ya shule. Nilichagua saa hiyo kwa makusudi. Nilimkuta anafungua kufuli, barabara haina mtu isipokuwa mbuzi wawili wanaotafuna maganda ya migomba. Nikamwambia pale pale mlangoni kwamba pedi haikuwa feki, kwamba niliifunga kinyume, na kwamba ninaomba anisamehe.

"Nilijua," alisema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie vipi? Wazazi wa wanafunzi wako wamesimama pale. Niseme mwalimu wa fizikia hajui upande wa pedi?" Alisukuma mlango wa mabati ukafunguka. "Nilikuita kando, Mwalimu. Mara mbili."

"Nakumbuka."

"Pedi si kitu. Hata mafundi huzifunga hivyo, nimeona wengi. Hiyo nilikusamehe ukiwa bado umesimama hapo." Alitoa meza ya nje, nikataka kumsaidia, akaivuta upande wake. "Lakini ile nyingine. Watoto wangu watatu nimewazaa hapa. Mume wangu amelala hapo juu, unapita kaburi lake ukienda kwenu. Huko kwetu unakoniambia nirudi, ni wapi? Nionyeshe niende."

Nilisema tena, "Nisamehe, mama."

"Yale uliyasema mchana, soko limejaa," alisema. "Haya unakuja kuyasema nikifungua kufuli."

Alichukua ufagio akaanza kufagia mlangoni, nami ikabidi nisogee.

Siku ya soko iliyofuata niliomba ruhusa shuleni nikaenda saa sita mchana. Nilisimama dukani kama dakika kumi nikijifanya natazama vioo vya pembeni. Kulikuwa na watu, si wengi kama zamani. Niliwaogopa, mimi ninayesema mbele ya watoto mia mbili kwenye gwaride kila Jumatatu. Mwishowe nikasema, "Jamani, naomba mnisikilize kidogo."

Waligeuka. Yule mama hakuinua macho, alikuwa anamhesabia mtu skrubu.

Nikasema pedi zile zilikuwa nzuri, kosa lilikuwa langu, moja niliiweka kinyume. Mtu mmoja akacheka kwa sauti. Nikasema na kuhusu maneno mengine niliyomwambia huyu mama, yalikuwa ya uongo na ya aibu, naye ni mtu wa hapa kuliko mimi. Nilitaka kutaja jambo la baba, halikutoka.

Kijana wa boda, nadhani ni yule wa mluzi, akasema, "Mwalimu, umelazimishwa?"

"Hapana."

"Au umepewa boksi lingine?"

Wakacheka. Nilisimama nikachekwa. Yule mama alimaliza skrubu zake, akazitia kwenye karatasi, akampa mwenyewe. Ndipo akaniangalia. "Umemaliza, Mwalimu?"

"Nimemaliza."

"Basi sogea, huyo nyuma yako ana haraka."

Nilipokwenda Mutomo mwisho wa mwezi nilimwambia mke wangu. Tulikuwa tumekaa nje ya nyumba yake, kuna joto la kule ambalo hata kivulini linakufuata. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alichonijibu sikukitarajia. Alisema wauguzi wenzake wawili ni wa upande wetu, wana magari, na yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia wasinunue spea kwa huyo mama. "Nimewaambia kwa sababu wewe uliniambia," alisema. "Sasa na mimi niende nianze kuomba watu msamaha kwa uongo wako." Aliingia ndani. Ilichukua safari mbili zaidi kabla hajaanza kuniuliza maswali tena.

Mama wa spea alirudi kwenye maombi baada ya Pasaka. Mama aliniambia alikaa karibu na mlango, akaondoka kabla ya chai. Jumatano iliyofuata alikunywa chai. Siku hizi wanatembea pamoja tena mpaka njia panda, lakini kwetu haingii.

Mimi bado nanunua kwake. Ananiuzia, ananiita Mwalimu, ananipa kitu kizuri. Hajawahi tena kuniambia namna ya kukifunga, na mimi sijamuuliza. Juzi nilikuwa kwenye foleni nyuma ya mwanamume aliyekuwa akigeuzageuza boksi la pedi, akilinusa, akisoma maandishi madogo moja moja. Nikamwambia, "Ni nzuri hizo, ndugu, chukua tu."

Alinigeukia akanitazama vizuri. "Si ni wewe uliyesema ni feki?"

Nikamwambia ni mimi.